Intaneti ya nyumbani imeshuka spidi? Kabla ya kuhama kampuni, tafuta kwanza inapotelea wapi

#1 Mleta uzi (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za jioni.

Kila mara humu anakuja mtu mwenye kilio kilekile: "Nalipia Mbps 20, napata 3, hawa ni wezi." Chini yake majibu yanamiminika: hama, hama, hama. Anahama kweli, analipia kufungiwa upya, na baada ya muda anarudi na kilio kilekile kwa kampuni nyingine. Inaniuma, kwa sababu hizo ni hela za watu zilizotafutwa kwa jasho, na mara nyingi ugonjwa ulikuwa ndani ya nyumba, au kwenye kipande cha waya ambacho fundi angekimaliza kabla chai haijapoa.

Ninachotaka kusema ni hiki: spidi ikishuka, inashukia mahali fulani, na mahali hapo panapimika. Kutoka simu yako hadi seva (kompyuta kubwa inayohifadhi video unayotazama) kuna vipande vinne. Kuna waifai, kuna ruta yenyewe, kuna laini inayotoka kwako hadi kwenye mitambo ya kampuni, halafu kuna njia ya kutoka hapo kwenda duniani. Kila kipande kipime peke yake. Usipofanya hivyo unabahatisha tu, hata kama fundi wako ana miaka mingi kazini.

Kwanza tuelewane kwenye namba. Kifurushi kinauzwa kwa megabiti, yaani Mbps, lakini programu nyingi za kupakua mafaili zinaonyesha megabaiti. Baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo Mbps 20 ukigawanya kwa 8 unapata MB 2.5 kwa sekunde, na ukiona faili linashuka kwa MB 2.3 ujue hakuna aliyekuibia.

Sasa kipimo cha msingi. Chukua laptopu, chomeka waya wa LAN moja kwa moja kwenye ruta, zima waifai ya laptopu, na watu wengine wote nyumbani watoke kwenye mtandao kwa dakika chache. Pima kwa Speedtest, programu ya kupimia spidi, ukichagua seva iliyo Dar, kisha pima tena ukichagua seva ya Ulaya, halafu fungua fast.com, ambayo inapimia kwenye seva za Netflix. Fanya hivyo asubuhi na urudie kama saa tatu usiku. Andika matokeo kwenye daftari au piga picha ya skrini. Hayo matokeo ndiyo yatakayoongea siku ukipiga simu huduma kwa wateja.

Ikiwa kwa waya spidi imetimia na kwa simu ukiwa chumbani ni mbovu, kampuni haihusiki, ni waifai. Nyumba zetu ni za tofali za saruji, nguzo na slabu zimejaa nondo, na ghorofa moja ya Sinza au Kariakoo unaweza kukuta ruta za majirani zimepangana kila ukuta. Ruta nyingi hurusha waifai kwa bendi mbili za masafa. Bendi ya 2.4 GHz inapenya kuta vizuri lakini ina nafasi ndogo: chaneli, yaani vijia vya ndani ya bendi, zisizoingiliana ni 1, 6 na 11 tu. Ruta nyingi zimeachwa zichague zenyewe na zinarundikana sehemu moja. Maikrowevu nayo inapiga kwenye masafa hayohayo, ndiyo maana wengine video inagoma kila chakula kinapopashwa moto. Bendi ya 5 GHz ina nafasi kubwa na spidi ya juu, ila ukuta wa pili tu imeshachoka. Kwa hiyo TV na laptopu ziweke 5 GHz zikiwa chumba kimoja na ruta, simu ya chumba cha mbali iache kwenye 2.4, kisha ingia kwenye ukurasa wa ruta (andika kwenye kivinjari 192.168.1.1 au 192.168.0.1, ruta nyingi ndizo hizo) uchague chaneli yenye majirani wachache.

Na tafadhali, toeni ruta nyuma ya TV na ndani ya makabati. Iwekwe juu, katikati ya nyumba, ipate hewa. Kwa joto la Dar, ruta iliyofungiwa kabatini inachemka na kuanza kujizima na kujiwasha.

Ikiwa kwa waya napo spidi ni mbovu, angalia kwanza nani anakula. Watu wanawaza nani anatazama video, wanasahau vitu vinavyopandisha data juu kimyakimya: kamera za ulinzi zinazotuma picha mtandaoni saa 24, na simu zinazohifadhi picha na video za harusi ya wikiendi. Njia ya kupandisha ikijaa, hata kupakua kunakwama, kwa sababu kila data unayopokea kifaa chako lazima kirudishe taarifa kwamba imefika, na taarifa hizo zinakwama kwenye foleni ya kupandisha. Ingia kwenye ruta, angalia orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta usivyovijua, badilisha nywila, maana siku hizi mgeni mmoja akishapata waifai yako anaweza kumgawia jirani kwa kuonyesha tu ile picha ya miraba ya kuskani.

Kuna dalili moja ya kuijua kwa wenye vifurushi vikubwa. Unalipia Mbps 200 na kipimo cha waya kinagota 94 au 95, hakipandi wala hakishuki. Huo ni waya wa LAN au tundu la ruta. Spidi ya gigabiti inahitaji nyaya ndogo zote 8 ndani ya waya wa LAN. Ikikatika moja, au ukiwa na ule waya wa bei rahisi wenye nyaya 4, vifaa vinarudi kwenye Mbps 100. Badilisha waya kabla ya kuongea na mtu yeyote.

Hayo yote yakiwa sawa na bado spidi iko chini, hapo ndipo tunaingia kwenye laini. Niwape kisa cha nyumbani kwangu Tabata, natumia faiba, yaani intaneti inayokuja kwa mwanga ndani ya uzi mwembamba wa kioo. Mchana spidi inatimia, ikifika magharibi inaporomoka hadi asubuhi, kurasa zinafunguka nusu, simu za video zinakatikakatika. Kila niliyemweleza alisema: jioni watu wengi wanatumia, kampuni imezidiwa. Maelezo hayo yanaingia akilini kabisa, na ndiyo yaliyonipa shaka, kwa sababu jirani yangu ukuta kwa ukuta, kampuni hiyohiyo, kifurushi hichohicho, jioni yake ilikuwa safi.

Nikaingia kwenye kiboksi cha faiba, kwenye ukurasa unaoonyesha nguvu ya mwanga unaopokelewa. Inapimwa kwa dBm na huwa ni namba ya hasi. Kadiri inavyozidi kwenda mbali na sifuri ndivyo mwanga unavyofifia. Vifaa vingi vya majumbani vinahitaji isishuke chini ya -27 hivi. Mchana ilikuwa -21. Jioni ilikuwa -29. Kila dB 3 zinazopotea ni nusu ya mwanga, kwa hiyo kupotea dB 8 maana yake umebakiwa na kama sehemu moja ya sita. Mwanga wa hivyo unafika, taa nyekundu haiwaki, lakini data nyingi inafika imeharibika na inabidi itumwe tena.

Sasa ni nini kinachozima mwanga jioni? Dirisha. Aliyefunga alipitisha uzi wa faiba kwenye fremu ya dirisha la aluminiamu, na kila magharibi tunafunga dirisha kwa ajili ya mbu, kioo kinaubana uzi kwenye kona. Asubuhi linafunguliwa, mwanga unarudi. Nilimwita fundi wa kampuni nikiwa na picha mbili za skrini, moja ya mchana na moja ya jioni, akatoboa tundu dogo ukutani, akapitisha uzi upya kwa kona pana. Imebaki -20 mchana na usiku.

Nimeeleza kwa kirefu kwa sababu ningehama ningelipia upya, na fundi mwingine angeweza kupitisha uzi wake dirisha lilelile.

Karibuni tuchangie. Leteni vipimo, si hasira peke yake.

#2 Mchangiaji (Mwanza)

Mkuu uzi mzuri, lakini usiwatetee sana. Mimi mwanzo wa mwezi naruka, ikifika tarehe ishirini na kitu inakuwa konokono. Hilo ni dirisha gani? Wanakata makusudi ili ununue kifurushi kikubwa.

#3 Mleta uzi

Mkuu, wewe umeshajipimia bila kujua. Tatizo linalofuata tarehe si la waya. Soma mkataba wako sehemu ya matumizi ya haki. Baadhi ya vifurushi vinavyoitwa "bila kikomo" vina kiwango cha GB, ukikivuka spidi inapunguzwa hadi mwezi uishe. Ingia kwenye akaunti yako uangalie umetumia GB ngapi siku spidi iliposhuka. Ikilingana na kilichoandikwa, huo ndio mkataba uliopewa, na uamuzi ni wako kuongeza kifurushi au kubana matumizi; TV moja ikishushwa kutoka 4K hadi picha ya HD ya kawaida inapunguza matumizi kwa kiasi kikubwa sana. Na ikiwa kikomo hicho hukuelezwa wakati wa kuuziwa, hapo una haki ya kulalamika, na mimi nitakuwa upande wako. Kuuza kitu kwa jina la bila kikomo huku kikomo kimefichwa ukurasa wa mwisho si uungwana.

Kuhusu kuzidiwa jioni, hilo lipo kweli, silikatai. Faiba za majumbani nyingi ni za mfumo wa GPON: uzi mmoja kutoka kituoni unabeba Gbps 2.5 hivi za kushuka na 1.25 za kupanda (Gbps 1 ni Mbps 1,000), kisha unagawanywa kwa nyumba 32 au hata 64. Watu wote wakitumia kwa pamoja mnagawana. Ila mara nyingi kinachojaa si uzi huo wa mtaani, ni njia kutoka kituoni kwenda mbele. Ukitaka kujua, pima saa kumi na moja alfajiri. Alfajiri ikitimia na saa tatu usiku ikianguka kwako na kwa majirani wote, na mwanga haujabadilika, basi mtandao umejaa na hakuna fundi wa kuja kwako atakayelimaliza hilo.

#4 Mchangiaji (Morogoro)

Habari zenu. Mimi huku hatujafikiwa na faiba, natumia ruta ya laini ya 4G. Nina steshenari nyumbani, napokea kazi za watu za kuchapa na kutuma mafomu. Mwaka jana ilikuwa vizuri, sasa hata kufungua barua pepe yenye viambatanisho ni shida. Ruta inaonyesha mistari yote imejaa. Nimebadilisha laini, hali ni ileile. Kaka naomba unisaidie, wateja wananikimbia.

#5 Mleta uzi

Pole sana dada, na asante kwa kueleza vizuri. Usiiamini ile mistari, inaonyesha tu kwamba mnara unasikika, haisemi unasikika kwa usafi gani. Ingia kwenye ukurasa wa ruta; ruta nyingi za aina hiyo ni 192.168.8.1, anwani na nywila huwa zimebandikwa chini yake. Tafuta sehemu ya taarifa za kifaa au za mawimbi, utaona vifupisho viwili nitakavyokuomba uniletee: RSRP na SINR.

RSRP ni nguvu ya mawimbi. Ikiwa -80 hivi una mawimbi mazuri, -100 ni ya wastani, ikivuka -110 ni dhaifu. SINR ndiyo muhimu zaidi kwa kisa chako, ni usafi wa mawimbi dhidi ya kelele za minara mingine. Ikifika 20 umebarikiwa, ikiwa karibu na sifuri au hasi, hata mistari ikijaa spidi haitakuja. Mara nyingine ruta iko katikati ya minara miwili na inasikia yote kwa pamoja.

Halafu fanya hivi: beba ruta uizungushe nyumba nzima, dirisha kwa dirisha, kila sehemu iache itulie kidogo, uandike SINR. Usifuate RSRP, fuata SINR. Kama una paa la bati na ruta iko katikati ya nyumba, mawimbi yanapita kwa shida. Dirisha linalotazama mnara mara nyingi lina tofauti kubwa. Angalia pia imeandikwa bendi gani. Masafa ya chini kama 800 MHz yanafika mbali na kupenya kuta, lakini hayana nafasi kubwa. 1800 na 2600 yanabeba zaidi ila yanachoka mapema. Baadhi ya ruta zinakuruhusu kuchagua bendi mwenyewe. Na nambie tofauti ya alfajiri na usiku.

#6 Mchangiaji (Mombasa)

Salaam ndugu zangu. Naongeza kipande cha mwisho ambacho mleta uzi amekigusa kidogo tu. Kuna siku kosa haliko kwako wala kwa kampuni, liko baharini. Mnakumbuka Jumapili ile ya Mei 12, 2024? Mikongo ya EASSy na SEACOM, zile nyaya kubwa zinazotuletea intaneti, ilikatika chini ya bahari upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na huku Kenya pamoja na nyinyi Tanzania tukaumia wote. Miezi michache kabla yake, mikongo kadhaa ilikuwa imekatika Bahari ya Shamu, kwa hiyo hata njia ya kaskazini ilikuwa na jeraha. Siku ile nilikuwa napima kwa seva ya hapa nyumbani naona spidi yote ipo, nikifungua tovuti za Ulaya hamna kitu. Jamaa yangu akawa anazima ruta na kuiwasha kutwa nzima.

#7 Mleta uzi

Ahsante sana ndugu, hapo umenikamilishia. Ndiyo maana nikasema mpime seva ya Dar na ya Ulaya. Dar es Salaam kuna kituo cha TIX ambapo kampuni za intaneti zinabadilishana data humu humu nchini, na kampuni kubwa za video huwa zinaweka nakala za vitu vyao karibu na watumiaji, kwa hiyo video inaweza kucheza vizuri huku mkutano wa kazi na watu wa Ulaya unakwama.

Na wanaocheza gemu waelewe jambo moja. Mwanga ndani ya uzi wa faiba unakwenda kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Seva ikiwa umbali wa kilomita 10,000 za mkongo, kwenda na kurudi peke yake ni milisekunde 100, kabla ya kitu kingine chochote. Ununue Mbps 500, ucheleweshaji huo hautapungua. Vivyo hivyo ukisahau VPN imewashwa, data yako inazunguka nchi nyingine kwanza. Zima, pima, washa, pima.

Na kubadilisha DNS (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba) kuwa 8.8.8.8 au 1.1.1.1, ushauri ninaouona humu kila siku: kunasaidia kurasa zinazochelewa kuanza kufunguka. Faili likishaanza kushuka, DNS haina kazi tena hapo.

#8 Mchangiaji, fundi wa faiba (Dodoma)

Mleta uzi umesema kweli kuhusu kona. Niongeze mawili ninayokutana nayo kazini. La kwanza, wateja wanafungua kile kichwa cha uzi kwenye kiboksi wakati wa kufanya usafi, wanakipuliza kwa mdomo au kukifuta kwa kanga. Ndugu zangu, msikiguse. Vumbi dogo au mate kwenye ncha ile linazuia mwanga, na msichungulie ndani, mwanga ule hauonekani kwa macho lakini unaweza kudhuru jicho. Vichwa vya kijani na vya buluu havichanganywi pia. Cha kijani kimekatwa kwa mshazari, ukikichomeka kwenye tundu la buluu mwanga unapotea.

La pili ni adapta. Umeme ukipanda na kushuka sana, adapta inachoka. Inatoa umeme pungufu, taa zinawaka zote, lakini ruta inajizima kidogo kidogo au waifai inadhoofika. Mtu anabadilisha ruta nzima kumbe ni adapta. Ukinunua nyingine, volti ziwe zilezile zilizoandikwa kwenye ruta na ampea zisipungue.

#9 Mchangiaji (Morogoro)

Kaka, nimerudi. Pale ilipokuwa ruta, juu ya meza ya kuchapia, RSRP ilikuwa -92 na SINR 1. Nimezunguka kama ulivyosema. Dirisha la jikoni RSRP -97, lakini SINR 14! Mawimbi yamepungua nguvu na spidi imepanda, sikutegemea. Nimeiacha hapo jikoni nikavuta waya wa LAN hadi kwenye kompyuta ya kazi. Alfajiri inafika Mbps 22, usiku inashuka hadi 7, lakini kazi zinatumwa. Barikiwa sana. Swali langu la mwisho, na nadhani ni la wengi: hii ya usiku niwaandikie kampuni? Huwa wanajibu tu "zima na uwashe".

#10 Mleta uzi

Hongera sana dada, nimefurahi kweli. Dirisha la jikoni linatazama mnara mmoja na ukuta unakukinga na wa pili.

Ndiyo, waandikie, na uandike kwa namna ambayo "zima na uwashe" haiwezi kuwa jibu. Kwa 4G, mpe mhudumu vipimo vya alfajiri na vya usiku, pamoja na RSRP na SINR za nyakati hizo zote mbili, ili aone mawimbi hayajabadilika na kilichobadilika ni spidi. Hapo anajua ni mnara uliojaa na suala linakwenda kwa wahandisi. Kwa mwenye faiba, kitu kama hiki kinatosha:

"Kifurushi changu ni Mbps 40. Nimepima kwa waya wa LAN, kifaa kimoja tu kikiwa kimeunganishwa, seva ya Dar es Salaam. Asubuhi napata 38, saa tatu usiku napata 6. Mwanga unaopokelewa asubuhi ni -21 dBm, usiku ni -29. Nimebadilisha waya wa LAN, hali ni ileile. Naomba fundi apime laini kutoka kiboksi hadi nguzo, na naomba namba ya malalamiko."

Namba ya malalamiko msiisahau. TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, wanapokea malalamiko ya wateja wa mawasiliano, lakini watakuuliza kwanza kama ulianza na kampuni yenyewe, na namba hiyo pamoja na picha zako za skrini ndiyo ushahidi kwamba ulianza. Andika kwa barua pepe pia, simu peke yake haiachi alama.

Mkuu wa Mwanza, GB zako ulikuta ngapi?